Kengele ya saa 10 alfajiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo ambalo nimekaa nalo kifuani muda mrefu. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari ya bweni huku Mufindi, mkoani Iringa. Nina miaka 22 kazini, na 9 kati ya hiyo nilikuwa mlezi wa bweni la wavulana. Shule siitaji, maana ninayoyasema hayapo kwetu peke yetu. Mwalimu wa Njombe akiisoma barua hii atadhani nimemwandikia yeye, na wa Rungwe vilevile.

Kengele yetu ni ringi ya lori iliyotundikwa kwenye mkaratusi nyuma ya jiko. Mlinzi huigonga kwa kipande cha nondo saa 10:00 alfajiri. Aliyewahi kuishi Mufindi mwezi wa sita au wa saba anajua saa hiyo ilivyo. Ukungu umelalia madirisha, kuna siku nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu, na maji ya bomba yanauma vidole kama yana meno. Watoto wa miaka 14 na 15 wanatoka wamejitanda mablanketi, wanapanga mstari na kuita namba, wanafagia, anayethubutu kuoga anaoga, na saa 10:45 kila mmoja awe dawatini anajisomea. Uji saa 1:00. Kipindi cha kwanza saa 1:40, cha mwisho kinaisha saa 9:00. Halafu usafi, shamba au michezo, ugali na maharage, na saa 1:30 usiku prepo, yaani kujisomea kwa lazima, inaanza. Wadogo wanaachiwa saa 4:30, lakini hawalali, kwa sababu taa zinawaka na wakubwa wanaingia na kutoka na ndoo zao. Kidato cha nne wanaachiwa saa 5:15. Taa za mabweni zinazimwa saa 5:30.

Kazi yangu ni hesabu, basi tuhesabu. Toka saa 5:30 usiku mpaka saa 10:00 alfajiri ni saa nne na nusu. Hapo tumechukulia kwamba taa ikizimwa tu mtoto kalala palepale, na mlezi yeyote wa bweni anajua kwamba hilo halipo. Wataalamu wa afya wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila usiku. Wetu wanapata nusu ya kile kiwango cha chini, pengine na dakika chache juu yake. Ingekuwa ni wiki ya mtihani ningenyamaza. Lakini ni Jumatatu hadi Jumamosi, Januari hadi Novemba, kwa miaka minne.

Nije darasani. Jumanne kipindi cha kwanza nina kidato cha tatu, wanafunzi 52. Ukiandika ubaoni kisha ukageuka, unakuta wameanza kuinama mmoja mmoja kama mahindi yaliyopitiwa na upepo. Wengine wamejifunza kusinzia macho yakiwa wazi. Kalamu iko karatasini, mkono unakwenda, lakini ukisogea kuangalia daftari unakuta mstari umeanza vizuri na x na alama ya sawasawa, kisha umegeuka mchirizi unaoteremka mpaka pembeni ya ukurasa. Daftari moja la namna hiyo ninalo mpaka leo. Mwenye nalo alitoka Makete akiwa na alama A ya hisabati ya darasa la saba, mtoto mpole, mwepesi wa kuelewa. Alipofika nusu ya kidato cha pili alikuwa anashindwa kujumlisha sehemu. Tulimwita mvivu. Kwenye ripoti yake niliandika kwa mkono wangu: "Hajitumi." Ripoti hiyo ilikwenda kwa mama yake, na mama yake aliiamini.

Usiku kwenye prepo ndiyo kabisa. Wapo wanaoloweka miguu kwenye beseni la maji ya baridi ili wasilale, katika baridi hii ya kwetu. Wapo wanaolamba unga wa kahawa mkavu. Wengine wanasimama nyuma ya darasa na kitabu mkononi, wanasinzia wima kama kuku aliyelala juu ya mti. Wanaita kupiga msuli, na sisi walimu tunawasifu. Mkuu wa shule akipita akaona beseni, kesho yake mstarini linatajwa kama mfano wa bidii.

Mwaka juzi binti wa kidato cha pili, mwenyeji wa Tukuyu, alisinzia akiwa kwenye foleni ya uji na bakuli lake limeshajazwa. Uji wa moto ulimmwagikia mkono na paja. Nilimkimbiza hospitali mimi mwenyewe na matroni. Alikaa wodini siku 11. Aliporudi niliangalia kitabu cha matukio kuona tumeandika nini, nikakuta maneno matatu: "Uzembe wa mwanafunzi." Mtoto ameamshwa saa 10 ya usiku siku sita mfululizo, mwili umegoma ukiwa umesimama, na sisi tumeuita uzembe.

Nilianza kusoma habari za usingizi baada ya tukio hilo. Mwaka 1997 watafiti wawili nchini Australia walichapisha matokeo ya jaribio lililo rahisi kuelewa. Watu walewale walipimwa wakiwa wamekaa macho muda mrefu, na siku nyingine wakiwa wamekunywa pombe. Ilionekana kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi sawa na mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu mtu akakamata usukani. Akifika saa 24, ni kama mwenye asilimia 0.10. Sasa chukua mtoto aliyeamka saa 10:00 alfajiri. Saa 17 zake zinatimia saa 3:00 usiku, katikati ya prepo, na bado ana saa mbili mbele. Huku kwetu msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukifika tunawajua waliokunywa hata kwa mwendo wao njiani. Hakuna mzazi wa Mufindi atakayekubali mwanawe anyweshwe ulanzi kisha akabidhiwe kitabu cha kemia.

Nikiwaeleza wenzangu haya, jibu la kwanza huwa ni moja: watazoea. Hilo nalo limepimwa. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo ya watu waliolazwa kwa saa maalumu kwa siku 14. Waliolala saa 6 kila usiku, kiwango ambacho watoto wetu wangekiona ni sikukuu, baada ya wiki mbili walikuwa wanakosea kama watu waliokesha kabisa. Waliolala saa 4 walikuwa hoi zaidi. Kilichonitisha ni kwamba wenyewe hawakujua. Walipoulizwa walijiona wamechoka kidogo tu, wakadhani mwili umeshazoea, huku vipimo vikiendelea kushuka siku hadi siku. Nikakumbuka watoto wangu wanavyonijibu kila nikiwauliza: "Tuko sawa, mwalimu."

Jambo lingine ambalo sikulijua chuoni, na naamini walimu wengi hawalijui, ni kwamba kusoma hakuishii kwenye kitabu. Mchana ubongo unapokea kama ghala la mahindi wakati wa mavuno. Magunia yanabwagwa tu mlangoni. Kuyapanga, kuyaweka yanapostahili, hufanyika mtu akiwa amelala. Ukimnyima mtoto usingizi ili asome zaidi, magunia yanaongezeka mlangoni na ndani hayaingii. Tena usingizi haufanani toka mwanzo hadi mwisho. Ule mzito, ambao mwili wa mtoto huutumia kutoa homoni ya kukua, unakuja zaidi saa za mwanzo. Usingizi wa ndoto unajaa saa za mwisho, karibu na mapambazuko, na unasaidia moyo kutulia na hasira kupoa. Kengele ya saa 10 inaukata huo huo.

Hapa kwenye hasira nataka nikae kidogo, maana inanihusu.

Nilipokuwa mlezi wa bweni nilikuwa nalala saa 6:00 usiku nikishahakikisha kila mtu yuko kitandani, na kuamka saa 9:45 ili niwe wa kwanza mlangoni. Mwaka wa pili wa kazi hiyo nilikuwa mtu mwingine. Mke wangu aliniambia nyumbani siongei, nafoka. Mtoto wangu wa mwisho alianza kunikwepa. Asubuhi moja kijana wa kidato cha kwanza alichelewa namba kwa dakika kama 10. Sikumuuliza neno. Nilichukua fimbo nikamchapa palepale mbele ya bweni, bila ruhusa ya mkuu na kinyume cha utaratibu, na nilimchapa kwa hasira. Baadaye matroni akaja kuniambia kwamba yule mtoto alichelewa kwa sababu alikuwa amembeba mgongoni mwenzake aliyezidiwa na homa, kutoka bwenini hadi chumba cha wagonjwa. Nilimtafuta nikamwomba msamaha. Alinitazama akasema, "Haina shida, mwalimu," na macho yake mekundu kwa usingizi kama yangu. Yule kijana sasa ni mtu mzima. Akisoma hapa, ajue sijasahau.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningekuwa nimelala ningemuuliza kwanza. Naamini ningemuuliza. Ugomvi mwingi wa mabwenini niliouamua ulikuwa wa namna hiyohiyo: ndoo imehamishwa, kandambili haionekani, mtu kakanyaga blanketi la mwenzake, na ngumi zimesharushwa. Mabinti wao wanalia. Matroni wetu ananiambia kuna jioni analiliwa na watoto watatu, wanne, na ukimuuliza mmoja kinachomliza hakijui.

Mwili wangu nao ulinidai. Nilipokwenda kwa tabibu nikilalamika kichwa, presha ilisoma 160 kwa 100, nami sijafika hata miaka 45. Swali lake la pili lilikuwa, "Mwalimu, unalala saa ngapi?" Niliomba kuachia bweni, nikapewa dawa, na nikaanza kulala saa 7 kwa usiku. Dawa naendelea nazo, presha imetulia, na nyumbani wanangu wananikaribia tena.

Upande wa magonjwa ya watoto niseme moja tu, kwa sababu kila mwenye mtoto bweni nyanda za juu analijua: mafua na vikohozi visivyoisha. Tunailaumu baridi. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani ambapo watu 164 walidondoshewa puani virusi vya mafua, baada ya usingizi wao kupimwa kwa wiki nzima. Waliokuwa wanalala chini ya saa 6 waliugua zaidi ya mara nne ya wale waliolala zaidi ya saa 7. Baridi ya Mufindi hatuwezi kuiondoa. Kengele tunaweza kuisogeza.

Najua kinachowakwamisha wakuu wa shule, na siwalaumu kama watu. Matokeo ya kidato cha nne yanatoka, shule zinalinganishwa kwa ufaulu, wazazi wanahama na watoto wao kama soko la viazi, na mkuu anaulizwa na bodi amefanya nini. Kuongeza saa za kusoma kunaonekana kwa macho. Usingizi hauonekani. Nasi wazazi tumechangia sana: nimewasikia kwa masikio yangu kwenye basi la Iringa wakisifiana shule, mmoja anasema kwao wanaamshwa saa 10, mwenzake anamjibu kwa fahari kwamba kwao ni saa 9. Desemba moja mzazi mmoja alinipigia simu akilalamika binti yake amerudi likizo analala mpaka saa 5 asubuhi, je, shuleni tumemfundisha uvivu? Nilimwambia mama, mwache, analipwa deni lake.

Huko Seattle, Marekani, mwaka 2016 walisogeza muda wa sekondari kuanza kutoka saa 1:50 asubuhi hadi saa 2:45. Watafiti waliowavisha wanafunzi vifaa vya kupima usingizi walikuta wanalala kwa wastani dakika 34 zaidi, na alama zao zilipanda. Jimbo la California limekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2022 sheria inazuia sekondari nyingi za umma kuanza kabla ya saa 2:30 asubuhi. Sababu yao ni ya kibaolojia. Kijana anapobalehe, saa ya mwilini mwake inachelewa. Homoni inayoleta usingizi inatoka usiku zaidi kuliko kwa mtoto mdogo, hivyo hata ukimlaza saa 2 usiku atageukageuka tu, na alfajiri unapomwamsha kwake bado ni usiku wa manane. Wenzangu wameniambia hiyo ni Marekani, wana umeme na mabasi ya shule. Ni kweli. Lakini mwili wa kijana wa Ifwagi hapa Mufindi na wa Seattle umeumbwa kwa udongo mmoja.

Na ushahidi wa hapahapa ninao. Mwaka jana mwezi wa nane mlinzi wetu alifiwa, akaenda msibani Kilolo. Aliyeachiwa kengele alipitiwa na usingizi. Shule nzima iliamka saa 12:20, mwanga wa alfajiri umeshaanza kuupasua ukungu kule upande wa mashamba ya chai. Kulikuwa na taharuki, watu wanakimbia na miswaki mdomoni, uji ukanywewa harakaharaka, na saa 1:40 niliingia kidato cha tatu kama kawaida. Nilianza kufundisha milinganyo. Nilipogeuka kutoka ubaoni nilikuta macho 104 yananitazama. Nilishtuka kidogo. Nikaendelea, na kwenye mstari wa nne kijana aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, pale umesahau alama ya kutoa." Kweli nilikuwa nimeisahau. Huwa nakosea kama mwalimu yeyote, lakini katika vipindi vya kwanza vya miaka mingi sikumbuki mwanafunzi aliyewahi kuliona kosa langu. Siku hiyo waliuliza maswali mpaka kipindi kikaisha na bado mikono iko juu.

Jioni yake shule nzima ilipewa adhabu ya kufyeka nyasi kwa kosa la kuchelewa kuamka.

Ninachoomba ni kidogo na hakina gharama. Prepo iishe saa 3:30 usiku, taa zizimwe saa 4:00, kengele igongwe saa 12:00 asubuhi. Hizo ni saa 8. Kipindi cha kwanza kinaweza kubaki palepale saa 1:40. Usafi mkubwa uhamie jioni, na prepo ya alfajiri ifutwe, maana hiyo hata sasa haisomwi, inasinziwa. Mkuu wa shule mwenye mashaka ajaribu kidato kimoja, muhula mmoja, alinganishe mazoezi ya kila wiki na kitabu cha wagonjwa cha matroni. Niko tayari kumsaidia kuhesabu.

Kwa wazazi wenzangu: Januari mtapokea fomu za kujiunga. Mnasoma ada, mnasoma idadi ya madaftari, jembe, ndoo, godoro la inchi ngapi na mablanketi mangapi. Ratiba ya siku mara nyingi iko ukurasa wa mwisho. Kama haipo, iulizeni. Tafuteni saa ya taa kuzimwa na saa ya kengele, mhesabu wenyewe, kisha mpigieni simu mkuu wa shule kabla ya kulipa.

Mwalimu wa hisabati,
Mufindi, Iringa